Saa Haifundishwi Kalenda kwa Tupa

Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na kila mara huulizwa kana kwamba kilichobaki ni kupatana bei: je, fundi hawezi kukata jino moja kwenye pete ya tarehe ili saa iruke 31 katika miezi yenye siku 30? Muulizaji huwa ameshajijibu. Ameiona saa yake ikionesha 31 tarehe mosi Mei, ameamua kwamba kiwanda kilizidisha jino, na sasa anatafuta mtu mwenye tupa nyembamba na mkono usiotetemeka. Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanataka pete mpya yenye meno 30 ichongwe Mang'ula, kwenye karakana iliyoanzia enzi za ujenzi wa reli ya TAZARA, au kwa wakereza vyuma wa kiwanda cha sukari kule Kidatu, kwa hoja kwamba anayekereza shafti ya mashine ya kukoboa mpunga hawezi kushindwa na kitu chepesi kama ukucha. Jibu la swali la kwanza ni hapana. La pili ni hapana pia, ila kwa sababu nyingine kabisa, na anayezichanganya sababu hizo mbili ndiye anayepoteza saa.

Tuanze na jino. Pete ya tarehe ni duara jembamba lililolala chini ya uso wa saa, namba 1 hadi 31 zikiwa zimechapwa juu yake na meno 31 yakiwa upande wake wa ndani. Kando yake kuna gurudumu linalozunguka mara moja kwa saa 24, lenye kidole kimoja. Usiku kidole hicho hufika kwenye jino lililo mbele yake, hulisukuma hatua moja, kisha hupita. Springi ndogo yenye ncha hukaa kati ya meno mawili mengine ili pete isitikisike mpaka usiku unaofuata. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Sasa kata jino moja. Siku pengo litakapofika mbele ya kidole, kidole kitapita patupu. Pete haitasogea. Kesho yake usiku kidole kitarudi palepale, kitakuta pengo lilelile, na pete haitasogea tena. Aliyetaka saa yake iruke siku moja amejitengenezea saa inayoganda kwenye tarehe moja mpaka aisukume mwenyewe kwa mkono. Jino ndilo linalosukumwa, na kuliondoa ni kuondoa hatua ya kupandia. Hakuna ngazi inayofupisha safari kwa kung'olewa kipago.

Na haitaganda tarehe 30, kama wengi wanavyodhani. Namba inayoonekana dirishani na jino linaloguswa na kidole usiku huo ziko sehemu mbili tofauti za duara. Anayekata jino lililo karibu na 31 anaweza kukuta saa imelala tarehe 12 au 19, kutegemea kiwanda kilikiweka wapi kidole. Siku nyingine ya mwezi pengo hilohilo litafika kwenye springi, na springi itakosa kitu cha kuishikilia pete pande zote mbili, hivyo namba zitayumba dirishani, nusu ya tarehe moja na nusu ya nyingine. Siku ya tatu litafika kwenye kigurudumu kinachobadilisha tarehe kwa haraka unapozungusha kifundo cha pembeni, na kifundo kitazunguka bure. Ni pengo moja, lakini hasara zake ni tatu kila mwezi, na jino la shaba halioti tena.

Mtetezi wa jino huwa hakubali mapema. Husema: basi badala ya kukata, ongeza kidole cha pili kwenye gurudumu. Kidole cha pili kitasukuma pete kila siku ya mwaka, kwa kuwa gurudumu lake huzunguka kila siku ya mwaka, na tarehe zitaruka mbili mbili kuanzia Januari. Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo, na ndipo watu wanapokosa subira ya kusikiliza. Ili saa iruke 31 mwezi Aprili na isiiruke mwezi Mei, lazima mle ndani pawe na kitu kinachoijua Aprili. Kwenye saa ya kawaida hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna kinachozunguka mara moja kwa dakika, kwa saa, kwa saa 12, kwa saa 24, na pete inayozunguka mara moja kwa siku 31. Hakuna hata kipande kimoja kinachozunguka mara moja kwa mwaka. Pete inahesabu tu. Haijui kama iko kwenye masika ya Kilombero au kwenye mavuno. Huwezi kuikatia saa habari ambayo haikuwahi kuwa nayo.

Wenye saa za fahari watainua mkono: mbona zipo zinazojua? Zipo. Mwingereza Thomas Mudge alitengeneza saa ya mfukoni yenye kalenda ya kudumu mwaka 1762, na Patek Philippe walitoa mwaka 1996 saa ya mkono inayozijua siku 30 na 31, ikibaki kurekebishwa mara moja tu kwa mwaka, mwishoni mwa Februari. Lakini tazama walivyofanya: waliongeza. Kalenda ya kudumu ya mtindo wa zamani ina gurudumu la miezi 48, yaani miaka minne, lenye mabonde ya vina tofauti pembeni yake. Wenzo hutumbukia kwenye bonde, na kina cha bonde ndicho kinachouambia usukume pete hatua ngapi usiku huo. Bonde la Februari ndilo refu kuliko yote, na Februari moja kati ya nne ina kina chake pekee. Hata saa hiyo itahitaji mkono wa binadamu mwaka 2100, kwa sababu mwaka huo unagawanyika kwa nne ila si mwaka mrefu. Kuziingiza nyenzo hizo chini ya uso wa saa ya kawaida hakuwezekani kwa kuchonga kipande kimoja. Nafasi iliyopo ni ya sehemu za milimita. Ukiinua uso, mishale inagusa kioo. Na kila springi mpya inakula nguvu ileile inayoendesha mishale.

Kuna ushahidi mwingine, wa bei nafuu zaidi, na pengine uko mkononi mwa kijana aliyeketi jirani yako. Casio F-91W, saa ya plastiki iliyotoka mwaka 1989, inajua kwamba Aprili ina siku 30. Haina pete, haina jino, haina kidole. Habari ya miezi imeandikwa kwenye kidude chake cha elektroniki, na kuiandika humo hakugharimu chochote cha kutajika. Kwa kuwa haina mwaka ndani yake, huipa Februari siku 28 daima, na kila 29 Februari huwahi kusema ni Machi mosi. Kwenye umeme, kujua mwezi ni jambo la senti. Kwenye chuma, ni kazi ya bwana saa na mamia ya saa za kazi. Ndiyo maana hasira ya mtu mwenye saa nzuri ya otomatiki, anayeona kijana wa bodaboda ana tarehe sahihi kuliko yeye, inaeleweka, lakini haimhusu fundi.

Sasa pete ya meno 30. Hapa hoja ya ukerezaji inastahili heshima kidogo, kwa sababu bonde letu la Kilombero halina upungufu wa watu wanaojua chuma. Karakana yenye mashine ya kufreza na kichwa cha kugawia inaweza kuligawa duara kwa 31, ingawa 31 ni namba isiyogawanyika: kwa kichwa cha uwiano wa 40 kwa 1 na sahani yenye duara la matundu 31, unazungusha mara moja kamili na kuongeza matundu tisa. Kwa 30 ni rahisi zaidi. Ugumu unaanza baada ya hesabu. Meno yako ndani ya duara, si nje, kwenye bati jembamba linalojikunja likibanwa tu. Viwanda vyenyewe havilikerezi, hulipiga kwa kalibu kisha vikachapa namba. Kipimo cha kazi ya shafti ya kinu si kipimo cha kazi hii. Tena pete ya meno 31 hupiga hatua ya nyuzi 11.6, na ya meno 30 nyuzi 12 kamili. Kidole, springi na nafasi za namba vyote vimepangwa kwa hatua ya kwanza.

Tuseme hata hivyo fundi stadi amefaulu. Umepata nini? Hesabu ifanyike kwenye karatasi kabla ya kwenye shaba. Pete ya 31 hukosea mwishoni mwa miezi mitano: Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Pete ya 30 itakosea mwishoni mwa miezi saba yenye siku 31, na Februari pia, jumla minane. Tena makosa ya pete ya 31 husahihishwa kwa kusogeza mbele, upande ambao kifundo cha saa hupenda. Ya pete ya 30, ukiacha la Februari, yangetaka kurudi nyuma siku moja, na saa nyingi hazirudishi tarehe kwa kifundo, kwa hiyo ungezungusha hatua 29 kuipata siku uliyoiruka. Kiwanda hakikuzidisha jino. Kilichagua namba yenye usumbufu mdogo kuliko zote.

Lipo ombi moja la kalenda ambalo lina akili, nalo ni la wanaotaka tarehe ibadilike magharibi, kama siku yetu inavyoanza: usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Hilo halihitaji mkereza. Wengi wetu huiacha mishale kama ya Wazungu na kuisoma kwa kuongeza sita, kwa hiyo tarehe hugeuka saa sita usiku. Ukiweka mshale mfupi usome majira ya Kiswahili moja kwa moja, ukahakikisha kwamba mzunguko unaogeuza tarehe ndio unaofika kumi na mbili ya jioni, pete itasogea jioni. Hapa bondeni, mjini Ifakara, jua huzama baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo utakuwa umetangulia adhana kwa dakika kadhaa, si zaidi ya saa moja. Ila asidanganyike mtu kwamba hapo amepata saa ya Hijria. Miezi ile ni ya siku 29 au 30, huandama kwa kuonekana, na hakuna gurudumu linalokwea juu kuutazama mwezi.

Kwa wanaotaka tu mambo yao yaende, haraka haraka. Tarehe ikibadilika saa sita mchana, hakuna kilichoharibika: sogeza mishale mbele saa 12 na umemaliza. Tarehe ikikaa nusu dirishani, pete imechafuka, imepinda au springi imelegea. Ifunguliwe na kusafishwa, na tafadhali mafuta ya cherehani yabaki kwenye cherehani. Jino likiwa limevunjika, tafuta pete nzima kutoka saa mbovu ya mtambo uleule, na angalia kifundo kipo upande gani: saa yenye kifundo kwenye tatu na yenye kifundo kwenye nne, hata kama mtambo ni mmoja, namba zake huchapwa kwa pembe tofauti, na pete ya moja ikiwekwa kwenye nyingine tarehe hazitakaa katikati ya dirisha. Unataka namba nyeupe kwenye pete nyeusi, au siku za wiki kwa Kiswahili? Hiyo ni kazi ya kuchapa stika nyembamba na kuigandisha juu ya duara, haiondoi hata chembe ya chuma. Iwe nyembamba kweli, la sivyo itakwaruza uso kwa chini. Usiyevumilia kurekebisha kabisa, nunua ya elektroniki.

Waliobaki na saa ya otomatiki wana siku tano za kazi kwa mwaka. Tarehe mosi Mei, Julai, Oktoba na Desemba sogeza hatua moja. Machi mosi sogeza tatu, au mbili mwaka ukiwa mrefu kama 2028. Kazi hiyo ifanyike asubuhi baada ya chai, kamwe si kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa kuwa muda huo kidole tayari kimeshika jino na ukilazimisha kifundo unalivunja. Kwa aliyeiweka saa yake igeuze tarehe jioni, muda wa hatari umehama naye: ni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne usiku.