Ukulele ya Sita ya Nini?



Mwezi wa Desemba uliopita, tulipokuwa tukihesabu mali ya kwaya ili tufunge mwaka, tulifungua kabati la vyombo tukanyamaza. Ndani mlikuwa na ukulele tano, gitaa tatu na vinanda viwili. Watu wanaoweza kupiga chombo katika kwaya nzima walikuwa wanne. Na juu ya meza, karibu na kitabu cha hesabu, kulikuwa na barua ya vijana wakiomba tununue ukulele ya sita.

Tunaeleza habari hii wazi kwa sababu tunajua si yetu peke yetu. Ukitoka Kitale ukipita Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye na Bungoma mjini, utakuta makanisa mengi yenye kinanda kilichofunikwa kitambaa kwenye kona, kikingoja fundi, huku kingine kipya kikichangiwa.

Kwa wale ambao hawajaiona, ukulele ni kama kagitaa kadogo ka nyuzi nne. Ilizaliwa katika visiwa vya Hawaii, baada ya Wareno kutoka Madeira kufika huko mwaka 1879 kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Walikuja na vigitaa vyao vidogo, wenyeji wakavipenda. (Miwa tena! Watu wa Bungoma watacheka.) Nyuzi zake ni za nailoni, haziumizi vidole vya mtoto, na wimbo rahisi unaweza kujifunza kwa siku mbili tatu.

Kwetu ya kwanza iliachwa na mgeni aliyetembelea watoto wa shule ya Jumapili. Watoto wakaipenda sana, nasi tukasema, hii moja haitoshi. Tukanunua ya pili. Halafu kijana mmoja akasikia ati ziko kubwa zaidi zenye sauti nzito, tukanunua hiyo. Ya nne ilikuwa bei ya kutupa. Ya tano, kusema kweli, hakuna anayekumbuka vizuri ilinunuliwa kwa nini.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kutouliza. Ukulele zina saizi nne zinazojulikana: soprano, konsati, tena na baritoni. Tatu za kwanza kwa kawaida hufungwa nyuzi kwa sauti zile zile, yaani G, C, E na A. Sauti ya ile kubwa imejaa zaidi, ni kweli, lakini mikono inashika pale pale na nyimbo ni zile zile. Baritoni nayo hufungwa D, G, B na E, ambazo ndizo nyuzi nne za chini za gitaa la kawaida. Kumbe mwenye gitaa tayari ana baritoni ndani yake! Na si hiyo tu. Chukua gitaa, weka penseli juu ya nyuzi katika nafasi ya tano, uikaze kwa mpira, kisha upige zile nyuzi nne peke yake. Utapata G, C, E na A. Sisi tulikuwa na gitaa tatu kabatini tukaenda kununua kitu ambacho penseli ingetupa.

Wapiga gitaa wa Marekani wanalo jina la mzaha la tabia hii. Wanaiita ugonjwa wa kukusanya vyombo. Wanacheka, lakini dalili zake ni za kweli. Mtu hupiga vizuri mpaka afike mahali pagumu. Kwenye gitaa mara nyingi ni pale kwenye F, ambapo kidole kimoja kinalazwa juu ya nyuzi zote sita. Mkono unauma, sauti inatoka kama bati. Badala ya kukaa hapo wiki tatu akirudia, anaanza kusema gitaa ni baya. Ananunua jingine. Kwa juma moja kila kitu kinang'aa, kisha anafika tena kwenye F. Tumeona kijana mwenye gitaa mbili na nyimbo nne, nyimbo zile zile alizokuwa nazo akiwa na gitaa moja.

Kwa upande wa Bungoma tulizungumza na mzee mmoja anayepiga litungu. Wasomaji wetu Wabukusu wanaijua: bakuli la mbao lililochongwa na kuwambwa ngozi, mikono miwili, mti wa juu, na nyuzi saba. Katika miaka ya tohara, ambayo kwa Wabukusu ni ile inayogawanyika kwa mbili, mzee huyu huitwa boma hadi boma mwezi wa Agosti. Tukamuuliza ana litungu ngapi. Akatutazama kama tumemuuliza ana vichwa vingapi. "Vijana wangu, hii ngozi nimeibadilisha, nyuzi nimebadilisha, mti wa juu nimebadilisha. Lakini litungu ni hii."

Na tusidhani ni mambo ya kijadi tu. George Mukabi, mtu wa Kisa katika Kakamega aliyefariki mwaka 1963, aliimba kwa gitaa kavu lisilo na umeme, na pembeni mtu akigonga chupa ya soda. Mtindo huo wa omutibo ulisikika Kenya nzima. Chupa!

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo palipotuuma. Tuseme kinanda ni shilingi 45,000 na gunia la mahindi la kilo 90 ni shilingi 3,000. Hayo ni magunia 15, karibu mavuno ya ekari nzima kwa wengi wetu. Tena angalia wakati. Trans Nzoia mahindi huvunwa kuanzia Oktoba, kwa hivyo Novemba na Desemba ndipo pesa zinapoonekana, na ndipo kila kwaya inakumbuka kwamba vyombo vimezeeka. Kwa mkulima wa miwa ni vigumu zaidi. Amengoja mwaka na nusu, pesa zikija zinakuja kwa mkupuo, na mkono unawasha. Shule nazo zinafunguliwa Januari. Zamani angalau ilibidi mtu asafiri mpaka mjini na njiani apate nafasi ya kufikiri. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na baadaye mikopo ya simu, mtu anaweza kuingia deni akiwa amelala kitandani.

Katika mchango wa ukulele ya nne na ya tano, mama mmoja wa sauti ya pili aliahidi shilingi 2,000 mbele ya watu wote. Alilipa. Januari mtoto wake wa kidato cha kwanza akarudishwa nyumbani kwa karo, akakaa majuma mawili. Mama hakutuambia. Aliacha tu kuja mazoezini, nasi tukasema labda ana shughuli za shamba. Tulijua baadaye sana kutoka kwa jirani. Tulienda kwake watu watatu. Alitupikia chai, akasema hana neno na mtu, ila alikuwa anaona haya. Haya ilipaswa kuwa yetu.

Tangu hapo tumebadilisha mambo kadhaa. Hakuna kuahidi pesa za vyombo mbele ya watu. Anayetaka atampa mweka hazina kimya. Ombi la chombo kipya linakaa mpaka lipite msimu mmoja wa mvua. Na kabla ya kununua, cha zamani kinakaguliwa. Jambo hili limetuokoa pesa nyingi. Gitaa moja tuliloliita bovu lilihitaji nyuzi mpya tu. Kinanda kilichokufa hakikuwa kimekufa, adapta ndiyo iliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Siku hizi umeme ukipotea tunaichomoa. Na vyombo vya mbao havikai tena chini ya dirisha, maana jua la Januari huku kwetu linakausha mbao mpaka inapasuka.

Ukulele mbili tumeziuza kwa kwaya ya jirani ambayo haikuwa na hata moja, na mama yule tukamrudishia shilingi 2,000 zake. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akazichukua. Amerudi sauti ya pili. Barua ya vijana tuliijibu: ya sita haitanunuliwa, lakini kila Jumamosi saa nane gitaa zote tatu ziko wazi kwa anayetaka kujifunza, na penseli ipo. Ukulele moja kati ya zilizobaki ina ufa mgongoni. Mwenye gundi nzuri ya mbao aje nayo.