Kujenga kompyuta ya michezo: Umeme na ulinganifu wa vipuri hutangulia kasi

Kompyuta ya michezo iliyo tayari huuzwa kwa bei ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki hawaimudu. Kwa sababu hiyo, baadhi yao hununua vipuri kimoja kimoja, haba na haba, katika maduka ya Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi, Kariakoo jijini Dar es Salaam au katikati ya jiji la Kampala, kisha huviunganisha wenyewe nyumbani. Njia hii huokoa fedha, na mashine inayopatikana huweza pia kutumika kuhariri video au kuchora ramani za majengo, kazi zinazoweza kumpatia kijana kipato.

Hata hivyo, hatari ipo. Kipuri kilichonunuliwa ng'ambo ya mpaka hakirudishwi kwa urahisi, na kipuri kimoja kisichofaa huweza kuvilaza vingine vyote kwa miezi kadhaa. Mara nyingi hasara hiyo haisababishwi na ukosefu wa fedha. Husababishwa na mpangilio wa ununuzi: mnunuzi huanza na kasi, kisha akayakumbuka mambo ya ulinganifu na umeme fedha zikiwa zimekwisha.

Kuanza na mchezo na skrini

Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi hupaswa kujua ni mchezo gani utakaochezwa na kwenye skrini ipi. Michezo ya mashindano kama Valorant au Counter-Strike haidai mashine kubwa ikilinganishwa na michezo mipya yenye mandhari mapana. Skrini nayo ina kikomo chake. Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, hata kama kompyuta inatengeneza 200. Skrini ya 4K ina nukta mara nne ya skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080, na hivyo huipa mashine mzigo mkubwa zaidi.

Kwa kawaida sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye kadi ya grafiki, yaani kipuri kinachochora picha za mchezo. Prosesa ya daraja la kati hutosha kwa wachezaji wengi. Anayetumia fedha nyingi kwa prosesa ya bei ya juu kisha akanunua kadi dhaifu huwa amenunua kasi asiyoweza kuiona.

Vipuri visivyoafikiana

Prosesa, ubao mama na RAM huchaguliwa kwa pamoja, kwa sababu kimoja humfunga mwenzake. Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600 hukaa kwenye soketi iitwayo AM4 na hutumia RAM ya aina ya DDR4. Ryzen 5 7600 hukaa kwenye soketi ya AM5 na hutumia DDR5 pekee. Upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14 hutumia soketi moja, LGA1700, lakini bao zake ziko za aina mbili: zinazopokea DDR4 na zinazopokea DDR5. Pengo lililo kwenye ukingo wa RAM hizo haliko mahali pamoja, hivyo moja haiwezi kuingia katika nafasi ya nyingine. Kulazimisha ni kuvunja.

Kuna mitego midogo ambayo muuzaji huenda asiitaje. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni mwa jina lake haina uwezo wa kutoa picha bila kadi ya grafiki, na Ryzen 5 5600 ni vivyo hivyo. Ubao wa B450 uliotengenezwa mwaka 2018 huingiliana na prosesa hiyo ya mwaka 2022, lakini hautaitambua mpaka programu ya ndani ya ubao, BIOS, ihuishwe kwanza. Ni vyema kumwomba muuzaji aihuishe dukani kabla ya kulipa.

Kuhusu RAM, vipande viwili vya gigabaiti 8 hufanya kazi vizuri kuliko kipande kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa husoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Ununuzi wa RAM unahitaji uangalifu zaidi tangu mwishoni mwa mwaka 2025, pale bei zilipopanda duniani baada ya watengenezaji kuelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Mwezi Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara ya kuuzia watumiaji wa kawaida bidhaa za jina la Crucial. Mwenye RAM nzima ya DDR4 katika mashine yake ya zamani ana sababu nzuri ya kujenga juu yake badala ya kuitupa.

Mashine za ofisini na kadi zilizotumika

Kompyuta za ofisini zilizotumika Ulaya, zinazojulikana Nairobi kwa jina la ex-UK, ni mlango wa bei nafuu wa kuingilia. Nyingi zina prosesa nzuri. Tatizo ni kwamba baadhi ya miundo, kama Dell OptiPlex, hutumia pawa saplai na viunganishi vya kipekee ambavyo havibadilishwi kwa vipuri vya kawaida vya dukani. Nafasi ya kadi kwenye ubao nayo hutoa wati 75 tu, na kasha jembamba hupokea kadi fupi pekee.

Kwa mashine za namna hiyo, kadi inayofaa ni ile isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Mfano ni RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024 na inayotumia takriban wati 70, au baadhi ya matoleo ya GTX 1650. Kadi kubwa zaidi huenda isiingie, na ikiingia huenda isipate umeme wa kuitosha.

Soko la kadi zilizotumika lina historia yake. Septemba 2022, mtandao wa sarafu ya Ethereum uliachana na mfumo uliotegemea kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Kadi ya aina hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zake huweza kuwa zimechakaa. Ziko pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya zaidi. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hutambua nyingi za Nvidia zilizoghushiwa, na inatosha kuifungua mara moja mbele ya muuzaji.

Pawa saplai: kipuri kinachopuuzwa

Pawa saplai haiongezi kasi ya mchezo, na ndiyo maana hununuliwa mwisho kwa fedha zilizobaki. Lakini ndiyo inayosimama kati ya umeme wa ukutani na vipuri vyote. Katika nchi ambazo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, uamuzi huo ni wa hatari. Kukatika kwa umeme karibu Kenya nzima tarehe 25 Agosti 2023, kulikougusa hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kulikumbusha kwamba hata jiji kubwa la ukanda huu halina kinga.

Hesabu yake si ngumu. Prosesa ya Ryzen 5 5600 imepimwa kwa wati 65, na kadi ya RTX 4060 kwa wati 115. Vikijumlishwa na ubao, diski na feni, mashine hiyo haifiki wati 300, lakini Nvidia hupendekeza pawa saplai ya wati 550 ili ibaki nafasi ya kupumua. Namba iliyoandikwa ubavuni peke yake haitoshi. Pawa saplai duni huweza kudai wati 600 isizoweza kuzitoa, na hukosa kinga za ndani zinazoikata pale umeme unapopanda au waya unapogusana. Alama ya 80 Plus huonyesha kiasi cha umeme kisichopotea kwa joto. Si cheti cha kinga hizo. Jina la mtengenezaji anayefahamika na dhamana ya miaka kadhaa ni ushahidi bora zaidi.

Mambo matatu huihatarisha mashine nzima. La kwanza ni swichi ndogo nyekundu ya volti iliyo nyuma ya baadhi ya pawa saplai. Ikiwa imewekwa 115, kama inavyotumika Marekani, kisha ikachomekwa kwenye umeme wetu wa volti 220 hadi 240, hulipuka. La pili ni kuchanganya nyaya zinazochomoka za pawa saplai mbili tofauti: ncha zake hufanana kwa sura, lakini mpangilio wa umeme ndani yake hutofautiana, na diski au ubao huweza kuungua papo hapo. La tatu ni kukosa waya wa ardhi. Plagi ya pini tatu za mraba inayotumika Kenya na Uganda haiingii kwenye soketi za pini za mviringo za Rwanda na Burundi, na adapta nyingi za bei nafuu huacha pini ya ardhi nje. Waya wa pawa saplai huchomoka, na kununua waya mwingine wenye plagi ya nchini ni gharama ndogo.

UPS humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Hupaswa kununuliwa kwa kuangalia wati badala ya VA, kwa sababu namba ya VA huwa kubwa kuliko umeme unaotoka kwa kweli. Asiyeimudu anaweza kutumia kinga ya umeme kama ile inayowekewa friji, ambayo husubiri umeme utulie kabla ya kuuruhusu upite.

Mashine inapogoma

Mashine mpya isipowaka, kosa kubwa ni kubadilisha vitu vitano kwa pamoja. Fundi mwangalifu hubadilisha kimoja, hujaribu, kisha huendelea.

Isipoonyesha dalili yoyote, hukaguliwa kwanza soketi ya ukutani, swichi ya pawa saplai na nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia, ambazo huchomekwa vibaya kwa urahisi kuliko nyingine zote.

Ikiwaka bila picha, waya wa skrini huangaliwa kwanza: hupaswa kuwa kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubao. Kisha hutazamwa waya wa umeme wa prosesa, wenye pini nane, ulio juu ya ubao na usioonekana vizuri. Kisha RAM huchomolewa na kurudishwa hadi isikike ikibana; penye nafasi nne, vipande viwili kwa kawaida hukaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Bao nyingi zina taa ndogo nne zinazotaja penye tatizo: prosesa, RAM, kadi au diski. Kwenye soketi ya AM5, uwashaji wa kwanza huweza kuchukua dakika kadhaa mashine ikipima RAM. Anayezima kwa pupa hukatiza kazi hiyo.

Tatizo likiendelea, ubao hutolewa na kuwekwa juu ya boksi la karatasi ngumu ukiwa na prosesa, feni yake na kipande kimoja cha RAM tu, na kadi ikiwa prosesa haitoi picha. Ukiwaka hapo, huenda kasoro ilikuwa ndani ya kasha, kama skrubu iliyogusa mgongo wa ubao.

Mashine inayozimika ghafla katikati ya mchezo huelekeza macho kwenye joto au pawa saplai. Mara nyingine sababu ni karatasi ya nailoni iliyosahauliwa chini ya kipozeo. Inayocheza polepole huenda haina ubovu wowote: RAM husubiri mipangilio ya XMP au EXPO iwashwe kwenye BIOS, na skrini ya hezi 144 huweza kuwa imeachwa kwenye 60.

Dalili huweza pia kudanganya. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 ziliharibika kwa kupokea volti iliyozidi. Baadhi ya watumiaji waliona ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki haitoshi, ilhali kadi ilikuwa nzima na mgonjwa alikuwa prosesa. Intel ilitoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayo hukinga, lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Anayenunua prosesa hizo zikiwa zimetumika hana budi kulijua hilo.

Kabla ya kuvuka mpaka

Ushauri unaofaa kuliko yote haugharimu kitu. Vipuri vijaribiwe dukani vikiwa vimeunganishwa, namba za utambulisho ziandikwe kwenye risiti, na muuzaji aeleze kwa maandishi dhamana ni ya muda gani na hutekelezwa wapi. Risiti hiyo pia humsaidia mnunuzi mbele ya maafisa wa forodha. Mashine yenye kadi ya kawaida na pawa saplai imara huweza kuongezewa kasi mwaka unaofuata. Iliyojengwa kinyume chake hungoja tu siku umeme utakaporudi kwa kishindo.