Kweli au Uongo: Mawimbi ya Ziwa Victoria

Mji wetu wa Buseresere unajulikana kwa dhahabu, lakini dagaa wa sokoni wanatoka ziwani, na hadithi zinakuja nao. Hata neno mwalo hapa lina maana mbili: wanapofikia wavuvi na wanapooshea dhahabu wachimbaji. Hadithi hizi umezisikia tu, usinikatalie. Tuzipime moja moja.

"Ziwa halina mawimbi ya kutisha, hayo ni ya baharini."
UONGO. Wimbi linataka vitu vitatu: upepo mkali, muda, na nafasi ya kukimbilia. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo nafasi ipo tele. Wimbi la bahari kuu linaweza kuwa na urefu wa mita mia na zaidi kutoka kilele hadi kilele, chombo kikapanda na kushuka taratibu. La ziwani ni fupi na limesimama wima zaidi: mtumbwi haujakaa sawa, jingine limeshafika.

"Wimbi hubeba maji kutoka ng'ambo."
UONGO, kwa sehemu kubwa. Litazame boya la nyavu: linapanda, linasogea kidogo, linashuka, linarudi karibu na lilipokuwa. Kinachosafiri ni nguvu. Maji yenyewe yanazunguka papo hapo. Na kadiri unavyoshuka chini ndivyo mzunguko unavyofifia. Wimbi la urefu wa mita 20 halisikiki tena kwenye kina cha mita 10 hivi. Likifika ufukweni linagusa chini, linapungua mwendo, linainuka na kuvunjika.

"Ziwa huchafuka usiku."
KWELI, na wazee wasibishiwe. Wahaya wanamtaja Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Wanasayansi wanataja joto. Mchana nchi kavu hupata moto, upepo ukatoka ziwani na mawingu yakajengeka bara. Usiku nchi kavu hupoa, maji yakabaki na joto lake. Pepo kutoka kandokando zinakutana juu ya ziwa, hewa inapanda, radi zinaanza. Picha za setilaiti zimethibitisha. Bahati mbaya, ndio wakati wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Kwa hiyo angalia mawingu kama babu alivyokufundisha, lakini sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA): jicho la ufukweni halioni wingu linalojikusanya ng'ambo.

"Meli zetu zimezamishwa na mawimbi."
UONGO, au tuseme kisingizio. MV Nyerere, kivuko cha abiria, ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, nchi kavu ikionekana, na zaidi ya watu 200 wakafa. Ilijengwa kubeba abiria 100 hivi. Siku hiyo ilibeba zaidi ya mara mbili. Chombo kilichozidiwa mzigo hakihitaji dhoruba. Watu wakihamia upande mmoja tu, kimekwisha.

"Matete ni uchafu, yafyekwe ufukwe upendeze."
UONGO, na wenye mwalo wa dhahabu wanajua sababu bila kujua kwamba wanaijua. Nenda uangalie pale wanapoosha mchanga. Maji yanashuka kwa kasi juu ya ubao uliotandikwa gunia. Yakigusa nyuzi yanajipinda, yanavurugika katika vizunguko vidogo vidogo na kupoteza nguvu. Mchanga mwepesi unapita. Dhahabu, iliyo nzito mara saba hivi kuliko mawe meupe yaliyoibeba, inabaki. Matete hufanya kazi ya gunia lile: kila shina linavunja wimbi kuwa vizunguko, na wimbi linapofika ufukweni limechoka, udongo umebaki. Ukuta wima wa zege, kinyume chake, hulirudisha wimbi na nguvu zake, likachimba chini ya msingi wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mchimbaji hawezi kuosha dhahabu kwenye ubao mtupu; ufukwe nao tusiuvue gunia lake.