Kofia ya Miezi Sita



Juma hili tumeona tuzungumze juu ya zawadi: ile inayotengenezwa kwa mkono na kwa siri, na mke kwa ajili ya mumewe au na mume kwa ajili ya mkewe, ili apewe siku inayotimiza miaka ya ndoa yao.

Tunajua kwamba wako miongoni mwa masheikh wetu wasiopenda siku hiyo ifanyiwe sherehe kila mwaka, kwa kuona kuwa ni desturi ya kuigwa. Na wako wanaoihesabu kuwa ni ada tu ya watu, maadamu haina israfu wala munkari. Hatuna elimu ya kuhukumu baina yao, na kila nyumba imuulize sheikh wake. Lakini katika kupeana zawadi hakuna mzozo. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tupeane zawadi ili tupendane, kwa hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (R.A.) ambayo Imamu Bukhari ameitia katika Al-Adab al-Mufrad. Asiyependa kuitukuza tarehe, basi na atoe siku nyingine yoyote. Haya tutakayoyasema yatamfaa vilevile.

Jirani yetu wa Mji wa Kale, Mombasa, ametupa idhini ya kukisimulia kisa chake bila ya kumtaja jina. Aliolewa Novemba mwaka 2005, ilipokuwa tarehe 12 Mfunguo Mosi mwaka 1426 wa Hijra. Mumewe hufanya kazi ya zamu bandarini, na Mwenyezi Mungu amewaruzuku watoto watatu. Mwaka jana mambo yaliwabana. Zamu za mume zilipunguzwa, karo ya wale wawili wakubwa ikachelewa, na mazungumzo ya nyumbani yakawa ni ya hesabu peke yake: gesi imekwisha, umeme umekatika, mwalimu ametuma ujumbe. "Tulikuwa tukizungumza kama karani na mwenye duka," alituambia.

Alhamisi moja usiku, alipokuwa akimpigia mumewe pasi kanzu ya Ijumaa, aliitazama kofia iliyokuwa kando yake. Ilikuwa ya kiwandani, imechakaa ukingoni na imegeuka rangi ya chai. Akakumbuka kwamba yeye ni mjukuu wa mshonaji. Nyanya yake mzaa mama, mzaliwa wa Siyu, alimfundisha kushona kofia za viua alipokuwa msichana, na sindano aliiweka chini baada ya kumzaa mtoto wake wa tatu. Asubuhi yake akaja kwetu na kikapu, akasema anataka pahali pa kukaa kila siku baada ya alasiri, na anataka midomo yetu ifungwe. Hapo ndipo tulipoingia katika siri ile.

Wengi wetu tunazivaa au tunazifua kofia hizi bila ya kufikiri kazi iliyomo. Kofia ya viua ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na kila sehemu ni kitambaa cheupe cha pamba kilichowekwa tabaka mbili. Nakshi huchorwa kwanza. Kisha hutobolewa tundu moja moja kwa ncha ya sindano, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa mishono iliyobanana hadi liwe jicho dogo lisilofumka. Hilo ndilo kiua. Katika kofia moja viua huwa ni mamia, na baina yake hupita mistari ya darizi. Mwenye kuifanya kwa saa moja au mbili kwa siku, huku ana nyumba na watoto, hahesabu kazi hii kwa majuma. Huihesabu kwa miezi. Ndiyo maana kofia nzuri ya Lamu huuzwa kwa maelfu ya shilingi, na ndiyo maana jirani yetu, ambaye hakuwa na maelfu hayo, alikuwa na la kutoa. Gharama yake ilikuwa kipande cha kitambaa, sindano na vidonge vichache vya uzi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Alianza Mfunguo Saba, akipiga hesabu ya miezi sita. Kosa lake la kwanza lilikuwa la haraka. Kipimo cha kichwa alikipata kwa hila njema: siku ya kufua aliizungushia uzi kofia kuukuu, akafunga fundo, akaulaza uzi ule kwenye futi ya cherehani. Lakini kitambaa alikikata bila ya kukifua kwanza. Majuma matatu baadaye, joto la kaskazi lilipoanza na jasho la vidole likaacha alama, aliufua ukanda aliokwisha kuushona, ukarudi upana mzima wa kidole. Ulimtosha mwanawe wa pili, haukumtosha baba yake. Alilia siku ile, nasi hatukumzuia. Kesho yake alikifua kitambaa kipya mara mbili, akakianika, akakipiga pasi, ndipo akakata. Tangu hapo hakushika kazi ile ila kwanza anawe mikono na kuweka leso safi mapajani.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, na ndani yake sisi nasi tulikuwamo. Mara tatu katika mwezi mmoja mumewe alirudi kutoka zamu akakuta mlango umefungwa. Simu ililia kikapuni isisikike. Jioni moja akamuuliza, bila ya ukali, "Mama watoto, siku hizi makazi yako ni kwa jirani?" Mke akacheka, akageuza mazungumzo. Kesho yake alitujia hana raha. Mmoja wetu akamshauri aseme kwamba kuna mgonjwa anayemuuguza. Bi mkubwa wetu, aliyekuwa ameketi kimya akichagua mchele, akainua kichwa akasema: "Na kofia iliyoshonwa kwa uongo, ataivaaje msikitini?"

Tuliona haya. Tukakaa tukatafakari namna ya kuihifadhi siri bila ya kuivunja amana, na jawabu likawa jepesi kuliko tulivyodhani. Usiku ule alimwambia mumewe: "Bwana, kuna kazi ninaifanya. Ni ya kheri, haina deni wala aibu, nami niko kwa jirani kila siku baada ya alasiri. Utaijua kabla ya Mfunguo Mosi kumalizika. Nakuomba usiniulize." Mume akanyamaza, kisha akasema, "Vyema." Hakuuliza tena.

Kazi ikaendelea Rajabu na Shaabani. Ramadhani ilipoingia tulidhani itasimama, kwani baada ya alasiri kila mwanamke yuko jikoni na sambusa na uji wake. Yeye akauhamisha wakati wake. Waume walipokuwa msikitini kwa tarawehe, akishamaliza kusali kwake, alishona viua vitano, usiku mwingine vitatu. Katika kumi la mwisho aliweka sindano kando kwa ajili ya ibada. Sikukuu ikapita, zikabaki siku chache, akamaliza. Akaifua kofia, akaitia wanga, akaivika juu ya sufuria iliyolingana na kipimo chake ili ikauke ikiwa imesimama.

Lililomsaidia zaidi lilikuwa kalenda. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo miaka 20 ya Hijra hutimia kabla ya miaka 20 ya miladi kwa miezi saba na zaidi. Mumewe, kama wengi wetu, tarehe aliyoihifadhi ni ya Novemba. Mwaka huu tarehe 12 Mfunguo Mosi iliangukia Ijumaa, mwezi wa Aprili, naye hakuwa akitarajia kitu. Alitoka kuoga ajiandae kwa sala, akaikuta kanzu yake kitandani imepigwa pasi, na juu yake kofia nyeupe asiyoijua.

Alidhani ni ya mtu mwingine. Akaishika, akaigeuza ndani nje, akaona katika ukingo wa ukanda viua vitatu vilivyopinda, haviendani na vingine. Akauliza, "Hivi vitatu ni vya nani?" Mdogo wao, ambaye siri ilimchoma ulimi tangu Sikukuu, akasema, "Kile kibaya zaidi ndicho changu, Baba." Mama yao alikuwa amempa kila mmoja kiua kimoja ashone.

Mume alikwenda msikitini bila ya kusema neno. Usiku, watoto walipolala, ndipo alipozungumza. Alikiri kwamba zile siku za mlango kufungwa alifungua kabati akazihesabu bangili za dhahabu za mkewe, akichelea kuwa ameziuza kwa ajili ya karo. Alizikuta zimetimia, akaona haya nafsi yake. Kisha akaitoa siri ya kwake: alikuwa amekopa kwa mwenziwe wa kazini tangu mwaka uliopita, na alikuwa akilipa kidogo kidogo bila ya kumwambia. Aliposikia mkewe akisema "haina deni", neno lile lilimkaa kifuani miezi yote ile. Deni halikulipwa na kofia. Lakini tangu usiku ule wanalihesabu pamoja, na mkewe ndiye aliyekwenda kuzungumza na skuli.

Tumekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kina mafunzo kwa anayetaka kupanga jambo kama hili.

La kwanza, chagua kazi ambayo mikono yako inaijua, au inaweza kujifunza kabla ya siku kufika. Si lazima iwe kofia. Kuna wanaojua kupika udi kwa sukari na marashi, ukatiwa chupani ukatulia majuma kadhaa. Lakini harufu ya udi haifichiki, basi upike kwa dada yako au kwa wifi yako. La pili, hesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka tarehe yenyewe, kisha ongeza mwezi mmoja wa makosa. La tatu, siri isilishwe uongo. Mwenzio akiona mabadiliko, mwambie kwamba lipo jambo la kheri, na umwekee muda. Lililofichwa hapo ni kofia tu. Moyo wako umeuonyesha.

La nne ni la waume, maana tunawasikia wakisema kwamba kazi za mikono ni za wanawake. Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani mwake, na katika riwaya nyingine imetajwa kuwa alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi mume asiyejua sindano anajua nyundo. Mbuzi ya kukunia nazi ambayo mguu wake umelegea tangu mwaka juzi, sanduku la mahari ambalo bawaba zake zimeota kutu, rafu ya jikoni iliyoahidiwa: yoyote katika haya, ikitengenezwa vizuri na kwa siri, mke ataiona kila siku anapoingia jikoni. Na ambaye hana nyundo, na anunue asumini mbichi jioni, wakati vikonyo bado vimefumba, aketi atunge kwa uzi yeye mwenyewe. Usiku zitachanua. Mke wake atajua kwa kuutazama uzi kwamba mtungaji hakuwa muuzaji wa barabarani.

Na la mwisho, usingoje malipo. Mwenye kutoa huku anatazama mkono wa mwenziwe huwa amefungua duka. Jirani yetu hakungoja kitu.

Hata hivyo, Novemba bado haijafika. Sisi tunaopita njia ya kwa seremala baada ya alasiri tumemwona huko bwana mmoja wa zamu za bandarini, amevaa kofia nyeupe ya viua, mikono imejaa vumbi la mbao. Mkewe ameambiwa kwamba lipo jambo la kheri, na ameombwa asiulize. Anajua kwamba sisi tunajua. Juzi alitujia na sahani ya visheti, akaketi muda mrefu, akatutazama mmoja mmoja. Tulivila visheti vyote, tukamshukuru, na hatukusema kitu.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu mapenzi na rehema, atuhifadhi na dhana mbaya, na awape faraja wenye madeni. Amin.