Kibao Langoni pa Nyumba ya Wageni

Juzi nilipokuwa nikipita Kawangware niliona kibao langoni pa nyumba ya wageni ya siku nyingi. Kiliarifu kwamba mwenye kiwanja ataka kuibomoa na kujenga ofisi za ghorofa sita. Watu walikipita kama mti. Mimi ni karani na riziki yangu ni makaratasi, basi nikasimama nikasoma hata yale maneno madogo ya chini.

Nyumba ya wageni kugeuka ofisi si jambo geni Nairobi. Torr's Hotel, iliyojengwa mwaka wa 1928 kando ya barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, iliuzwa kwa Ottoman Bank mwaka wa 1958. Pale Wazungu walipocheza dansi pakawa pa kuhesabia fedha. Kuta za matofali mekundu zilibaki, na mpita njia hakupoteza kitu.

Lakini gesti ya Kawangware si Torr's. Humo hulala dereva wa lori na mzazi aliyetoka bara kumwuguza mwanawe. Langoni mama huuza chai na mandazi, na fundi viatu hukaa kivulini. Hao hawana mkataba wowote wa kuonyesha.

Hata hivyo sheria haikuwasahau. Kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, mwenye kutaka kujenga jengo la namna hiyo hana budi kuutangazia umma, na mwenye pingamizi huiandikia serikali ya kaunti. Matangazo hayo kwa desturi hutoa siku 14. Barua na itaje namba ya kiwanja, na ieleze mambo yawezayo kupimwa: mfereji wa maji machafu uliokwisha kulemewa, njia isiyopisha magari mawili, jirani atakayenyimwa mwanga. Kuandika tu kwamba hatulitaki jengo hakumsaidii mtu. Uamuzi ukitolewa, asiyeridhika aweza kukata rufani mbele ya Kamati ya Uhusiano ya kaunti, nako pia ni siku 14.

Upande wa Kibera mambo ni mengine. Askari wa Kinubi wa K.A.R. walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini ardhi ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Jamii yao ilipewa hati ya ekari 288 mwaka wa 2017 tu. Kwingineko wengi hawana hati, na asiye na hati hapelekewi kibao. Habari humjia kwa alama ya X iliyopakwa ukutani. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia alfajiri kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na watu kwa maelfu wakabaki nje na vyombo vyao.

Kile cha Kawangware kilikuwa kimebakiza siku tano. Nilimwuliza mama wa chai kama amekisoma.

"La, mwanangu," akasema. "Nilidhani wanapangisha vyumba."

Nikamsomea polepole, mara mbili. Akafuta mikono kwa leso, akamtuma mtoto dukani kununua karatasi.