Udi wa Kwanza kwenye Hewa ya Chumvi

Udi wa bei nafuu unaofika pwani ya Kismayu mara nyingi umezaliwa kwenye hewa ya jangwa. Fundi wa Cairo hukata vipande vyembamba vya mbao, akavikunja kwa moto, akavigandisha ubavu kwa ubavu mpaka mgongo ukatuna kama nusu ya papai. Gundi inashika, vanishi inapakwa, chombo kinang'aa. Kisha kinasafirishwa, kinashushwa mahali ambapo shati lililoanuliwa kavu adhuhuri huwa limepata unyevu kabla ya magharibi. Mbao zinaanza kunywa maji. Kusi la pili likifika, daraja linaloshika nyuzi limeanza kubanduka usoni, vigingi havizunguki, na kijana aliyekusanya dola moja moja anaambiwa na wenzake kwamba hana kipaji.

Kipaji huenda anacho. Kilichomponza ni kupima urahisi kwa bei ya dukani peke yake. Katika pwani hii, kuanzia Kismayu kushuka visiwa vya Koyama, Chovai na Chula hadi Ras Kamboni, ala rahisi ni ile inayoweza kutengenezwa na mtu aliye karibu kwa vitu vinavyopatikana karibu. Udi wa dola 150 usio na fundi ni ghali kuliko kibangala, ala ndogo ya nyuzi, cha nusu ya bei hiyo ambacho mchonga mitumbwi anaweza kukibadilisha ngozi.

Mwanafunzi wa leo hana bahati ya kujifunza kwa kukaa barazani na kutazama vidole vya mzee. Vita vya Somalia vya 1991 viliwatawanya Wabajuni, wenyeji wa pwani hii. Wengi walivuka kwa madau na majahazi hadi Kenya, wengine wakakaa miaka katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Al-Shabaab walipoushika mji wa Kismayu kuanzia 2008 hadi 2012, muziki ulikuwa marufuku. Kwa hiyo anayeanza sasa huwa anaanza na simu mkononi: video ya mpigaji wa London au Muscat, programu ya kulinganisha sauti, na ala aliyoinunua bila mtu wa kumshauri.

Kabla ya kutoa hela ajiulize anataka kupiga nyimbo gani, kwa sababu jibu linaweza kumpunguzia gharama nusu nzima. Muziki wa Kisomali kwa sehemu kubwa husimama juu ya ngazi ya sauti tano. Nyimbo za qaraami alizozijenga Abdullahi Qarshe, mzaliwa wa Moshi mwaka 1924 anayeitwa baba wa muziki wa Kisomali, na zilizopata ladha nyingine mikononi mwa mwanafunzi wake Ahmed Ismail Hussein, maarufu Hudeydi, zilipigwa kwa udi, ambao Wasomali huuita kaban. Lakini sauti zake tano zote zinapatikana kwenye gitaa la kawaida. Taarabu ya Lamu na Mombasa ni habari nyingine. Huko mpigaji akiingia kwenye maqamu ya bayati, sauti ya pili ya ngazi hukaa katikati ya vipande viwili vya chuma vya shingo ya gitaa, pale ambapo gitaa halina pa kuweka kidole. Udi una shingo tupu, kidole kinatua popote. Udi ndio alioushika Zein l'Abdin, mwanataarabu wa Lamu.

Basi mpenda qaraami asione haya kuanza na gitaa. Ila liwe la nyuzi za nailoni. Magitaa ya nyuzi za chuma ndiyo yanayoonekana zaidi mikononi mwa vijana, na kwa hewa ya chumvi hayo ni majuto: nyuzi huota kutu baada ya wiki chache, zinakwaruza vidole, na mvuto wake mkubwa unaipinda shingo ya mbao duni. Gitaa la nailoni la Kichina lililotumika, lenye shingo iliyonyooka, litamfikisha mbali.

Na yule ambaye nyumbani kwao ala za nyuzi hazitazamwi kwa jicho zuri? Hilo ni jambo la kweli katika nyumba nyingi za pwani, na halitatuliwi na makala. Tari la maulidi, duara la mti lililowambwa ngozi ya mbuzi, limefundisha mahadhi na mpigo watoto wengi kuliko chuo chochote, na bei yake inalipika. Ngozi ikilegea kwa unyevu huanikwa juani au kusogezwa karibu na moto mdogo dakika chache. Wapigaji wa maulidi ya Barazanji hufanya hivyo kila msimu.

Kuna ala ya tatu ambayo imekaribia kusahauliwa, nayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo inayoufaa mfuko wa kisiwani kuliko zote: kibangala. Lamu huitwa hivyo. Unguja ni gambusi, Ngazija na Mwali ni gabusi, na asili yake ni qanbus ya Yemen. Ni mdogo wa udi lakini si mtoto wake. Mwili na shingo huchongwa katika gogo moja, tumbo likafukuliwa kama mtumbwi, na nusu ya chini ikafunikwa ngozi badala ya ubao. Hakuna mbavu ishirini za kuachana wala kiungo cha shingo na mwili cha kufunguka. Huko Komoro ala hii haijawa kitu cha makumbusho: Boina Riziki na Soubi wa kisiwa cha Mwali waliipeleka sauti yake hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Na nyuzi? Huko Komoro watu hufunga mshipi wa nailoni, ule ule wa kuvulia.

Mvuvi wa Koyama hapo anaelewa mara moja. Uzi mwembamba kabisa wa udi una unene wa kama milimita 0.6, na mshipi wa unene huo umo katika kila duka la zana za uvuvi. Nyuzi nene za chini, zilizozungushiwa waya, ndizo peke yake zinazohitaji kuagizwa. Sauti ya mshipi si tamu kama ya uzi wa dukani. Ni kavu kidogo, na huchukua siku mbili tatu kukubali kukaa mahali pake kwa sababu nailoni mpya inanyooka. Kwa mwaka wa kwanza inatosha.

Ngozi ina ugomvi wake na unyevu, na ugomvi huo unajulikana hata Marekani. Banjo, ala inayosikika mbele kabisa katika bluegrass, muziki uliopewa jina na kundi la Bill Monroe wa Kentucky, ilitokana na ala za ngozi ambazo Waafrika waliofanywa watumwa walikwenda na ujuzi wake ng'ambo ya Atlantiki. Mvua ikinyesha ngozi ya banjo ililegea, sauti ikawa ya mtungi uliopasuka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watengenezaji wakaanza kuwamba plastiki, na siku hizi anayejifunza bluegrass hafikirii tena ngozi. Mchongaji wa kibangala hana lazima ya kufuata njia hiyo, lakini ajue ngozi nyembamba ya mbuzi itabadilishwa, na aiwambe kwa namna itakayobanduliwa bila kuvunja mti.

Wabajuni hawana uhaba wa mikono ya kazi hiyo. Babu zao ndio waliounda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, vikapiga misafara ya pwani hii mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Fundi wa madau anayejua mti upi unapasuka ukikauka na upi unavumilia anaweza kuchonga kibangala akiwekewa picha na vipimo mbele yake. Na likija suala la kukarabati udi, desturi ya mtepe inafaa ikumbukwe: udi hauvumilii msumari. Mara nyingi ala nzuri huuawa na jirani mwenye nyundo na nia njema.

Tuseme mtu ameshaamua, ni udi au basi. Yuko dukani Mombasa, na muuzaji amemshushia mmoja kutoka ukutani: "Huu wa Misri, mwanangu, safi kabisa." Uso umejaa lulu za chaza, na tundu la sauti limechongwa maua. Maua hayo asiyatazame kwanza. Aushike udi kama anayelenga bunduki, jicho kwenye daraja, atazame shingo kwa urefu wake mpaka kichwani. Shingo iliyopinda kuelekea nyuzi kama upinde ni ya kuachwa hapo hapo, hata akipunguziwa bei, kwa sababu kuinyoosha ni kuufumua udi mzima.

Halafu atoe futi ya fundi cherehani. Apime uzi kuanzia ule mfupa mdogo wa kichwani hadi darajani. Udi wa Kiarabu huwa na kama sentimita 60, wa Kituruki hupungua kidogo, kama 58 na nusu. Sasa apime kutoka mfupani hadi pale shingo inapokutana na mwili. Inapaswa kuwa theluthi moja ya urefu wa kwanza: kwa uzi wa sentimita 60, shingo ya 20. Huo si urembo. Hapo theluthini ndipo sauti ya tano ya ngazi inapopatikana, na mpigaji huitafuta kwa kugusa ukingo wa mwili kwa kiganja. Udi uliotengenezwa kupambia sebule za watalii mara nyingi hufeli hapa, na mwanafunzi hujifunza mahali pabaya kwa mwaka mzima.

Pale pale kwenye kiungo apime nyuzi ziko juu ya shingo kwa kiasi gani. Milimita tatu ni nzuri. Nne zinastahimilika. Zikifika tano au sita kidole kitauma, na kosa litakuwa kwenye pembe ya shingo, si kwenye nyuzi. Kisha aubishe uso kwa fundo la kidole, taratibu, kuzunguka tundu: uso wenyewe una unene wa kama milimita mbili tu, na umegandishwa vijiti vya kuuegemeza kwa ndani. Mlio wa kutetereka maana yake kijiti kimebanduka. Tochi ya simu ikipitishwa tunduni itaonyesha kipi.

Vigingi ndivyo vinavyokatisha tamaa watu wengi zaidi, na ndivyo vinavyoangaliwa kidogo zaidi. Kila kimoja kivutwe nje nusu na kuzungushwa. Kikizunguka kwa kurukaruka, hakikuchongwa duara. Kikiwa cha mti laini uliopakwa rangi nyeusi, kitavimba kwenye kusi na kukwama. Kigingi cha mti mgumu, mpingo ukipatikana, huishi miaka, na fundi seremala mwenye mkono anaweza kuvichonga vyote. Kikiteleza, chaki kidogo ya ubaoni. Kikikwama, sabuni kavu. Nyuzi zote kumi na moja kwa pamoja zinavuta kwa zaidi ya kilo 30, mchana na usiku, kwa hiyo ukaidi wa kigingi kimoja si jambo dogo.

Kuagiza kwa ndugu aliye Ghuba ni njia inayotumika sana, na si mbaya. Kwa dola mia moja na kitu hadi mia tatu hupatikana udi wa mwanafunzi wa Misri au Uturuki ulio sawa. Tatizo ni kwamba ndugu huyo, kwa mapenzi yake, atachagua ule wenye lulu nyingi. Atumiwe ujumbe kabla: picha tatu, shingo kwa urefu, futi ikiwa juu ya uzi, na daraja kwa karibu. Akiwa Muscat ni rahisi zaidi, maana Oman ina chama cha wapenzi wa udi tangu 2005 na wapigaji wa kuombwa jicho hawakosekani. Anayeweza kufika Unguja atakuta walimu wa udi katika chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoanzia Forodhani, Mji Mkongwe. Saa moja na mwalimu wa huko kabla ya kununua inaokoa fedha nyingi kuliko kubishana na muuzaji.

Ala ikishafika nyumbani, isitundikwe kwenye ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, wala isilazwe sakafuni. Ikae ndani ya mfuko wake, imefungwa, mbali na dirisha. Asiyepiga kwa wiki nzima alegeze nyuzi kidogo. Chumba chenye kiyoyozi kina hatari yake: ala iliyozoea unyevu ikiingizwa humo ghafla hukauka, vigingi vikalegea vyote usiku mmoja, na asubuhi nyuzi zimelala kama nyavu zilizoanikwa.

Linabaki la risha, kile kipande kirefu cha kupigia. Zamani ilikuwa unyoya wa tai, kisha pembe, na ng'amba, gamba la kasa, nayo ilipendwa kwa sauti yake laini. Visiwa vya Wabajuni viliijua ng'amba kwa biashara: wavuvi walimfunga kamba samaki aitwaye taza, mwenye kinyonyeo kichwani, wakamwachia akashike kasa naye akavutwa pamoja. Biashara ya kimataifa ya gamba hilo imepigwa marufuku tangu miaka ya 1970, na kasa wenyewe wamepungua. Wapigaji wengi siku hizi, wakubwa kwa wadogo, hutumia ule utepe wa plastiki wa kufungia nyaya za umeme. Fundi umeme yeyote wa Kismayu anao mfukoni. Hukatwa sentimita kumi na tano, ncha ikasuguliwa kwa msasa mpaka iwe mviringo, ukapitishwa ndani ya kiganja mkia ukitokea upande wa kidole kidogo, na ncha ikabaki imetokeza sentimita moja tu kati ya kidole gumba na cha shahada.