Paka Aliyepotea na Haki ya Jirani

Wako watu ambao wakisikia kuwa nyumba fulani inatafuta paka, hucheka. Husema, "Paka ni wengi mjini, na achukue mwingine." Neno hili halimpendezi Mwislamu aliyesoma. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Kabsha binti Kaab bin Malik alimmiminia mkwewe, Abu Qatada (r.a.), maji ya kutawadha. Akaja paka ataka kunywa, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akamtazama kwa mastaajabu. Ndipo akaelezwa kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukia majumbani mwetu. Basi mwenye kuzunguka nyumbani ni wa nyumbani, na akikosekana huulizwa yuko wapi.

Nayaandika haya kwa sababu ya kijana mmoja wa chuo changu hapa Lamu, mwenye umri wa miaka tisa. Siku moja alikaa mpaka adhuhuri asitamke hata herufi moja ya somo lake. Nilipomwuliza akasema, "Maalim, paka wetu hayupo tangu juzi. Je, ni vibaya kumwombea dua?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikawanyamazisha, nikamwambia kuwa si vibaya, ila dua huendana na kutafuta. Basi na atafute, tena atafute karibu.

Kwa nini karibu? Mwaka 2018 walichapisha watafiti habari za paka 1,210 waliopotea, baada ya kuwauliza wenyewe. Katika wale waliopatikana, robo tatu walikuwa ndani ya mita 500 kutoka pale walipotokea, na wale waliozoea kukaa ndani tu walikuwa karibu zaidi ya hapo. Waliona pia kuwa kutafuta kwa miguu na macho kwafaa kuliko kungoja, na kwamba siku za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa. Wengi wetu hufanya kinyume cha haya: hungoja siku tano tukisema atarudi mwenyewe, kisha twaenda kumwulizia ng'ambo ya mji.

Tena paka mwenye hofu hanyamazi kwa ukaidi. Kunyamaza ndiyo ngao yake. Hata sauti ya bibi yake aliyemlea aweza kuisikia asiijibu, naye yu hatua kumi tu, nyuma ya gunia. Kwa hiyo kupita uchochoroni ukiita jina lake kisha ukarudi kulala, huko si kutafuta. Mji wetu wajulikana: nyumba zimegusana, na paka huvuka kutoka sakafu ya juu ya huyu hadi ya yule asikanyage njia hata mara moja. Mtafute chini ya ngazi, katika magofu, chini ya mashua iliyopinduliwa, nyuma ya kuni, darini. Angalia na visima vilivyo wazi. Wakati mwema ni usiku baada ya Isha au kabla ya Alfajiri, njia zikiwa kimya. Chukua kurunzi, uishike karibu na macho yako, uangaze chini chini taratibu. Nyuma ya jicho la paka mna utando unaorudisha nuru, nawe utaona macho yaking'aa kabla hujamwona mwenyewe. Kisha zima, usimame, usikilize. Na akiwa ni jike mwenye mimba, ambayo huchukua kama miezi miwili, yamkini hakupotea, bali amejificha azae.

Lakini kurunzi si ruhusa ya kuingia kwa watu. Sura ya An-Nur yatuamuru kupiga hodi na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Mwanamume kupanda juu ya nyumba ya jirani usiku, aangaze kiwandani mwa watu kwa ajili ya paka, ni kuvunja heshima kubwa kwa kutafuta haki ndogo. Wapelekwe mabinti na kina mama wakaulize. Wala asituhumiwe mwenye kufuga njiwa kwamba yeye ndiye aliyemdhuru, kwa kuwa tu aliwahi kumfukuza. Sura ya Al-Hujurat imetuonya juu ya dhana.

Wengine humwendea mwadhini awatangazie katika kipaza sauti cha msikiti. Hili halifai. Katika Sahihi ya Muslim Mtume (s.a.w.) alimkataza mtu kutangaza mnyama wake aliyepotea msikitini, kwani misikiti haikujengwa kwa jambo hilo. Tangaza sokoni, barazani, na kwa wavuvi. Ukitaka kuahidi zawadi kwa atakayemleta, waahidi. Habari ya pishi la mfalme katika Sura ya Yusuf yatosha kuwa dalili, maana aliyelileta aliahidiwa shehena ya ngamia. Ila ukiahidi, utoe.

Sasa nina neno na jirani anayebishiwa hodi. Yule kijana alipita nyumba zote za mtaa, na katika nyumba moja akajibiwa mara mbili, "Humu hamna paka," wala mlango wa ghala haukufunguliwa. Siku ya nne mama mmoja alisikia mkwaruzo, akasisitiza ufunguo uletwe. Paka alikuwa humo, nyuma ya nyavu, hata sauti imemwisha. Sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Aliyefunga ghala bila kujua hana lawama. Lakini aliyekwisha ulizwa, akajibu bila ya kufungua, hawezi tena kusema kuwa hakujua. Kufungua ghala ni kazi ya dakika moja.

Akionekana, msimkimbilie. Keti chini, mwekee maji na kipande cha samaki, kisha umviringishe kanga taratibu. Ukitafunwa au ukiparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, kwani paka pia huweza kuambukiza kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukidhihiri ni nadra mtu kupona. Mweke chumbani siku kadhaa atulie. Na kabla hujalala, wapelekee habari majirani wote uliowabishia, wapate kufunga maghala yao.